Naomba ushauri: niling'oe sinki la kuogea niweke bomba la mvua?

Habari zenu wakuu. Nyumba yetu ya Upanga, ghorofa ya pili, ina lile sinki kubwa la chuma la kuogea ukiwa umelala, lipo tangu jengo lilipojengwa. Mama amehamia kwetu na magoti yanamsumbua sana. Ukingo wa sinki unampita goti, akitaka kuvuka inabidi ashike ukuta uliolowa huku nimemshika kwapani. Naogopa ataanguka.

Kulijaza kunataka zaidi ya lita 150, na kwa maji ya mgao nani atathubutu? Tunaoga kwa ndoo humo humo ndani. Mume wangu anataka libaki kwa ajili ya mtoto mdogo. Mimi naona beseni la plastiki linamtosha.

Kinachonitisha ni sakafu. Fundi wa kwanza anasema ang'oe, apige vigae, basi. Wa pili anasema zege lipakwe kwanza dawa ya kuzuia maji, la sivyo jirani wa chini atavujiwa, na bomba la maji machafu la inchi moja na nusu libadilishwe liwe la inchi mbili. Bei yake iko juu, lakini moyo wangu unaelekea kwake. Yuko sahihi?

Na chuma cha mama kushikilia, kitakamata kwenye ukuta wa matofali ya zamani? Vigae gani havitelezi vikilowa? Mliowahi kufanya kazi hii, nisaidieni kabla sijatoa hela.