Saluni ya chumba kimoja: bwana afya aje kabla ya kufungua au baada?

Msusi wa Kisauni: Salaam jamani. Nimepata chumba huku Kisauni, zamani kilikuwa duka la makaa. Draya mbili ninazo, sinki la kuoshea nywele nimetia. Juzi bwana afya kapita, aniambia nisifungue mpaka akague, ndipo nikalipie leseni ya kaunti. Chumba hakina dirisha, mlango tu. Mwenye nyumba asema watu wote hufungua kwanza. Mwaonaje, ni haki nikaguliwe na hata shilingi ya kwanza sijaiona?

Mtoto wa Likoni: Fungua dadangu. Bwana afya atangoja, kodi ya nyumba haingoji.

Fundi Stima: Bwana afya muache kwanza. Draya moja yavuta zaidi ya wati 1000. Mbili, na pasi ya nywele juu yake, zote kwenye ekstensheni moja, na chini sakafu imerowa maji? Vuta waya mnene, kila draya na soketi yake, na waya wa ardhini usiusahau.

Mkunga Mstaafu: Mimi lanikera hilo la dirisha. Dawa kali ya kunyoosha nywele ina sodiamu haidroksaidi, ile ile ya kuzibulia mabomba. Na hizo za kupaka kisha zikapigwa pasi, nyingine hutoa fomaldehaidi, gesi ya fomalini, ule moshi ukipanda. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka gesi hiyo kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 2004. Mteja avuta saa moja akenda zake. Wewe msusi wavuta toka asubuhi hadi isha. Akague kwanza! Na nyie vinyozi msijichekeshe huko, wembe mmoja vichwa kumi.

Kinyozi wa Bondeni: Mama, nakuheshimu, lakini huo wembe wa vichwa kumi umeuona kwa nani? Kwangu wembe wafunguliwa mbele ya macho ya mteja. Mashine naipangusa spiriti kila kichwa. Miaka 14 niko kwenye kiti hiki.

Mkunga Mstaafu: Kupangusa juu juu ndiyo kusafisha? Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa nje ya mwili hata siku 7 na bado vikaambukiza. Na watoto wanaorudi nyumbani na mapunye wayatoa wapi, msikitini?

Kinyozi wa Bondeni: Tumefika kwenye mapunye sasa. Wenye saluni wachoma watu vichwa mpaka ngozi yabambuka, mchafu ni kinyozi. Na wale wachora piko mbona hamuwasemi? Binamu yangu aliingia ukumbini mikono imevimba kama maandazi.

Somo wa Mji wa Kale: Hina imeingiaje hapa? Hina wamepakwa bibi zetu na mama zetu, hakuna aliyevimba. Mambo ya wanawake mtuachie wenyewe.

Mwanafunzi wa Famasia: Somo, hajataja hina, kataja piko. Hina haitoi weusi kwa nusu saa, hutoa wekundu na yataka masaa. Ile nyeusi ya haraka mara nyingi ni rangi ya nywele ya unga, ndani mna PPD, kemikali ya kutia weusi, na kwenye boksi lake wameandika isipakwe ngozini. Tena aliyebabuka mkono kwa piko, siku akitia rangi saluni aweza kuvimba uso mzima. Kwa hiyo msusi naye yamhusu.

Somo wa Mji wa Kale: Yangu natwanga mwenyewe, natia ndimu. Boksi silijui.

Mtoto wa Likoni: Basi na somo akaguliwe.

Somo wa Mji wa Kale: Nikaguliwe chumbani kwa bibi harusi? Na mwanamume? Thubutu!

Mpita Njia: Hapo somo kasema. Saluni ya wanawake, mitandio imevuliwa, halafu mwanamume aingia na faili kwapani. Hilo ndilo la kujadili.

Wakili wa Baraza: Mabibi afya wapo, ombeni mletewe. Kuingia ataingia tu, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, yampa uwezo huo. Na kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007: mahali pa kazi ni pahali pa kazi, hata ukiwa na kiti kimoja.

Mtoto wa Likoni: Wakili, we mwenyewe wanyolewa wapi?

Wakili wa Baraza: Nyumbani. Na mke wangu.

Mpita Njia: Kakaguliwa?

Fundi Stima: Ya ekstensheni hakuna hata mmoja aliyejibu.

Msusi wa Kisauni: Jamani, piko sipaki. Mwenye nyumba kakubali ukuta utobolewe, ila gharama asema ni yangu. Nianze na fundi wa dirisha au nimwite bwana afya akione kilivyo?

Mtoto wa Likoni: Dirisha latazama wapi? Likitazama barabarani, hao wenye mitandio watakuja?

Kinyozi wa Bondeni: Mama Mkunga, ile Jik ya kutakasia vifaa ni sita kwa moja au moja kwa sita?

Mkunga Mstaafu: Ikiwa ni ya asilimia 3.5, Jik kikombe kimoja, maji vikombe sita. Osha chombo kwa sabuni kwanza, kitie dakika 10, suuza, kausha, paka mafuta kisishike kutu. Mashine toa meno tu, usiitumbukize yote.

Kinyozi wa Bondeni: Meno najua kutoa.