Mdoli Data wa Galoob mwenye madoadoa usoni: alitoka kiwandani hivyo au ni uchafu?

Section58, Nakuru

Hamjambo wadau. Nitaeleza kwa urefu kidogo ili nisijibiwe kwa kukisia.

Jumapili nilikuwa Kisumu kwa dada yangu, tukapita Kibuye kutafuta mapazia. Kando ya mwenye mapazia kuna mama anayemwaga midoli ya mitumba juu ya turubai: dubu wa manyoya, vigari visivyo na magurudumu, vichwa vya Barbie bila miili. Chini kabisa ya rundo nikaona nguo ya manjano na nyeusi. Moyo ulinipiga paa. Nikamchomoa: Data, yule roboti wa kipindi cha televisheni cha Star Trek: The Next Generation, kwenye ile midoli midogo ya kampuni ya Galoob ya mwaka 1988, ya inchi tatu na robo tatu. Shilingi hamsini. Sikuomba hata nipunguziwe.

Mimi hukusanya midoli ya vipindi vya televisheni vya utoto wetu, na ninachopenda zaidi ni yale matoleo yanayotofautiana kidogo tu. Huyu Data najua alitolewa na nyuso tofauti. Wapo wa rangi ya kawaida ya ngozi, wapo wa uso wa bluu ambao ndio wanaotafutwa sana, na wapo wenye madoadoa. Wangu ana madoadoa. Lakini ametoka kwenye beli la mitumba, na sijui amelaliana na nini huko ndani. Nitajuaje kama madoa haya ni ya kiwandani? Mume wangu alishachukua dawa ya kutoa rangi ya kucha amsugue, nikamnyang'anya.

MwanaBusia

Kama uso umechafuka, mpake rangi upya. Kuna rangi nzuri za akriliki siku hizi. Kabatini atapendeza tu.

FundiWaKondele, Kisumu

MwanaBusia, hapana. Naomba mtu yeyote mwenye mdoli wa zamani asifuate ushauri huo. Rangi ya kiwandani ikishafunikwa, ushahidi wote umekwenda.

Section58, dada yangu, umefanya vyema kumnyang'anya mzee hiyo dawa. Nyingi huwa na asetoni, na asetoni haibagui. Hula rangi, na plastiki nyingine huziyeyusha kabisa. Mimi nimetengeneza redio na televisheni miaka mingi hapa Kondele, na nimeona mtu akifuta jina la Sanyo kwenye kasha kwa pamba moja tu.

Sasa sikiliza. Kwenye kipindi, Brent Spiner, mwigizaji wa Data, alipakwa vipodozi vya rangi ya dhahabu iliyofifia, kwa sababu Data ni roboti mwenye umbo la mtu. Ngozi ya namna hiyo si rahisi kuigiza kwa rangi moja juu ya uso mdogo kama punje ya hindi, na nyuso alizopewa na kiwanda zinatofautiana waziwazi. Ndiyo maana nawapenda sana hawa. Unashika mkononi uamuzi wa watu wa kiwandani waliokuwa bado hawajakubaliana.

Tafuta kioo cha fundi wa saa, kile cha kubana jichoni, umtazame mchana karibu na dirisha. Rangi ya kiwandani kwa kawaida hupulizwa kupitia kiolezo, kwa hiyo huishia mahali palipokusudiwa: kwenye mstari wa nywele na kwenye kola. Uchafu hauna adabu hiyo. Utavuka nywele, utashuka shingoni, utaingia kwenye nguo. Kuchakaa nako kuna njia yake: huanzia panapojitokeza, yaani ncha ya pua, nyusi na kidevu. Ukiona madoa mashavuni na pembeni mwa macho, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki kirahisi, anza kufurahi.

Pili, maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo na kijiti cha pamba. Bonyeza, usisugue. Pamba ikitoka na rangi nyeusi au kijani, huo ni wino au ukungu.

Tatu, nenda kwa wakala yeyote wa M-Pesa mwenye ile taa ya bluu ya kukagua noti, umwombe akumulikie dakika moja gizani. Rangi iliyoongezwa baadaye mara nyingi hung'aa tofauti na ile ya mwanzo. Mabaka yakijitokeza, kuna mtu alikutangulia na brashi.

Na usitegemee mwaka uliogongwa kwenye mdoli. Huo ni mwaka wa hakimiliki, si siku aliyotoka mashineni. Chukua mfano wa Teenage Mutant Ninja Turtles, wale midoli ya kasa wa kampuni ya Playmates. Wa kwanza kabisa wana vichwa laini vya mpira, waliofuata wana vichwa vigumu, na wote wameandikwa 1988. Hapo unabonyeza kichwa kwa kidole gumba, jibu unalipata.

DadaLurambi, Kakamega

Habari zenu. Mimi nauza mitumba ya watoto, na beli la midoli nalijua ndani na nje, kwa hiyo niseme la upande huo.

Beli hushindiliwa kwa mashine likafungwa kwa mikanda, kisha likakaa ndani ya kontena lenye joto baharini. Kila kitu humo kinabanana. Plastiki laini, kama mikoba ya kuchezea na vyura wa mpira, hutoa mafuta yake ikikaa na plastiki ngumu. Nimekuta vidoli vimeng'ang'aniana hadi vikaacha alama ya kudumu. Magazeti na vitambaa vya bei rahisi huachia wino. Kwa hiyo mama, angalia kama madoa yapo shavu moja tu. Kilicholaliwa hudhurika upande mmoja.

Halafu, ukirudi Kibuye nenda mapema. Wateja wa kamera, yaani wanaochagua vitu bora kwanza beli likifunguliwa, wanakimbilia dubu na baiskeli ndogo, vijitu vigumu vya ukubwa wa kidole hubaki hadi jioni na kuuzwa kwa fungu. Mweleze muuzaji kwamba unavitaka vyote, na umlipe papo hapo. Akikuamini atakuwekea.

Milimani_Msomaji

Upande wa bei: usitazame bei ambazo watu wanaomba kwenye eBay, tazama zilizouzwa kweli. Mtu anaweza kuomba chochote. Na aliyefungwa bado kwenye kadi yake ya dukani hawezi kulinganishwa na wa kwenye turubai.

Section58

Asanteni sana, hasa wewe mzee wa Kondele. Nimefanya yote. Madoa yako mashavu yote mawili na kwenye paji, yanakoma nywele zinapoanzia, na pua ni safi. Sabuni haikutoa kitu, isipokuwa doa moja kubwa karibu na sikio la kushoto ambalo lilikuwa wino. Limebanduka lote. Wakala wa hapa mtaani alinimulikia, uso ukaonekana wa aina moja bila mabaka. Nimefurahi mno! Sasa nimhifadhi vipi? Na nyumbani wananiuliza kama nitamuuza.

FundiWaKondele

Hongera, dada. Kwa maelezo hayo, mimi ningemwandika daftarini kama wa madoadoa bila wasiwasi. Andika pia lile doa la wino na mahali lilipokuwa, ili kesho mtu asiseme ulimfuta uso.

Mweke peke yake, asigusane na mpira wala mifuko laini ya vinili. Jua lisimfikie, maana plastiki ya umri huo hubadilika rangi, na ukishaona umanjano umechelewa.

Kuuza ni uamuzi wako. Ingekuwa mimi, ningebaki naye na kutafuta wenzake. Picard, Riker, Worf na La Forge hawasumbui sana. Tasha Yar watu hudhani ni adimu kwa sababu mhusika aliuawa mwaka huohuo wa 1988, kwenye msimu wa kwanza, lakini shida kubwa iko kwa wageni wa sayari nyingine: Q, Mferengi, Antican mwenye uso kama wa mbwa, na Selay mwenye kichwa cha nyoka. Hao wanne ndio wa kufumbulia macho.

DadaLurambi

Mzee, tuwekee picha ya huyo wa nyoka na huyo wa mbwa. Kesho nafungua beli mbili, na vitu vya sura hizo huwa tunawatupia watoto wa jirani.