Jina la pombe mpya: ukoo, bonde au mnyama?

Pipa_Jipya: Wakuu, lebo zinaingia mtamboni wiki ijayo na jina sijaamua. Nimebaki na la ukoo wetu, la bonde tunakochota maji, na la mnyama. Lipi lina nguvu?

Kizibo: Bia au kali? Kwenye usajili wa majina ya biashara, bia huandikishwa daraja la 32, kali na mvinyo 33. Na unauza nchi ngapi? Hapa tunapiga ramli.

Pipa_Jipya: Kali. Wiski ya shayiri.

MzeeWaLebo: Wiski? Bonde achana nalo. Mjerumani mmoja aliita yake Glen Buchenbach. Buchenbach ni bonde la kwao kweli, na lebo ilitaja wazi kuwa imetengenezwa Ujerumani. Kilichomponza ni hilo "Glen": ni bonde kwa Kigaeli, na mnywaji akiliona anawaza Uskoti. Chama cha wiski cha Uskoti kikamshtaki. Mahakama ya Haki ya Ulaya ikatoa tafsiri ya sheria 2018, mahakama ya Hamburg ikalipiga marufuku jina 2019. Kutaja Ujerumani hakukumsaidia kitu.

Kizibo: Hapo kosa ni Glen, siyo bonde. Usimtishe mwenzio.

MzeeWaLebo: Haya, bia ya Budweiser je? Maana yake "ya Budweis", mji wa Czech. Wamarekani walianza kulitumia 1876, kiwanda cha Budweis chenyewe, Budvar, kikaja 1895. Leo bia ya Budvar ikiingia Marekani inavaa jina la Czechvar.

Shayiri77: Ukoo nao una mtego: ukiuza biashara, jina linaondoka nayo. Vladimir Smirnov aliuza haki za Marekani za Smirnoff, vodka ya ukoo wao, 1933. Miaka ya 1990 wazao wa ukoo huo wakawa mahakamani Urusi kuligombea jina. Mimi niko na mnyama. Ila pekua madaraja yote mawili, 32 na 33, na utafute tafsiri pia: msajili anaweza kukataa "Simba" kwa sababu "Lion" imetangulia.

Kizibo: Na ukishawasilisha ombi la kwanza, una miezi 6 ya kuomba nchi nyingine na kuhesabiwa tarehe ileile ya ombi la kwanza. Ikipita, anayekuwahi huko ndiye wa kwanza.

Chupa_Tupu: Wale wa bia ya Carlsberg nao si walitumia jina la kilima chao?

Shayiri77: "Berg" ni kilima, ndiyo, lakini Carl ni mtoto wa Jacobsen, aliyeanzisha kiwanda 1847. Mtoto na mahali kwa mpigo.

MzeeWaLebo: Nembo nayo usiidharau. Guinness, kiwanda cha bia cha Ireland, waliandikisha kinubi 1876. Serikali ya Ireland ilipokuja kukitaka kiwe nembo yake, ikabidi ikigeuze upande wa pili.

Kizibo: Pipa, nchi ngapi? Bado hujajibu.