Mitumba, kushonesha au nguo mpya za bei ya chini: njia ipi inamfaa mwenye fedha kidogo?

Mwanzisha mada
Habari zenu wanajukwaa. Mwezi ujao ninaanza kazi ya ofisini, na fedha niliyotenga kwa mavazi inatosha nguo chache tu. Nimewaza njia tatu: kununua mitumba, kumpelekea fundi kitambaa, au kuchukua nguo mpya za bei ya chini zilizoshonwa kiwandani. Ninataka sketi na mashati ya kunionyesha nadhifu na ya kudumu walau mwaka mmoja. Nyinyi mliozipitia njia hizi mnazilinganishaje?

Mpenda mitumba
Dada yangu, mimi ningeanza na mitumba, kwa sababu nguo iliyokwisha kufuliwa mara nyingi imeshaonyesha tabia yake: kama ni ya kuchuja rangi imeshachuja, na kama ni ya kusinyaa imeshasinyaa. Igeuze nje ndani, iinue kwenye mwanga, kisha ukague kola, kwapa na msamba, kwani huko ndiko nguo huchakaa kwanza. Baada ya hapo tazama bega. Kiuno fundi atakibana kwa muda mfupi na pindo atalipandisha, lakini bega lililoporomoka humlazimu kufumua mikono na kuikata upya, kazi ambayo gharama yake inaweza kuzidi bei ya nguo yenyewe. Bega lisipokaa, iache nguo hiyo hata kama kitambaa chake kimekuvutia mno.

Fundi cherehani
Kuhusu bega ninakubaliana naye kabisa, ila kuchambua mitumba kunataka subira, na mwenzetu ana mwezi mmoja. Mashati ayatafute huko, lakini sketi ashoneshe, maana wapo wengi ambao kiuno na nyonga zao haviwiani na vipimo vya kiwandani. Kitambaa cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, ili kisinyae kikiwa bado hakijawa nguo. Mwombe fundi aache akiba ya mshono ya sentimita 2 au 3 ubavuni, mwili ukiongezeka nguo itanuliwe. Katika hesabu zako usisahau bitana, zipu na vifungo, na kama fundi humjui, mpe sketi moja kwanza.

Mchangiaji wa nne
Nguo mpya za bei ya chini nisingezikataa zote: soksi na nguo za ndani ni vema ziwe mpya. Kwa mavazi ya nje, gawanya bei kwa idadi ya siku utakazoivaa nguo. Shati la bei maradufu linalovaliwa mara 60 ni nafuu kuliko la nusu ya bei hiyo linalochakaa baada ya mara 20. Poliesta haikunjamani ovyo, lakini hushika harufu ya jasho, na hilo ni tatizo kwa anayeshinda ofisini.

Mpangaji wa rangi
Njia yoyote utakayochagua, amua rangi kabla ya kutoa fedha. Sketi 3 na mashati 5 hukupa mavazi 15, ila kwa sharti kwamba kila shati linakubaliana na kila sketi. Shati moja lenye maua ya rangi nyingi, ambalo linaendana na sketi moja tu, linakupunguzia mavazi mawili. Zifue zikiwa zimegeuzwa na uzianike kivulini, kwa maana jua kali hufifisha rangi.

Mwanzisha mada
Ninawashukuru sana. Nitashonesha sketi mbili, nyeusi na ya bluu iliyokolea, na mashati nitayatafuta kwenye mitumba. Ndugu fundi, nitakijuaje kitambaa ambacho hakitakunjamana nikikaa kutwa nzima?

Fundi cherehani
Shika pembe ya kitambaa, uifumbate kwa nguvu ukihesabu hadi 10, kisha uachie. Mikunjo ikibaki ilivyo, na sketi itabaki hivyo hivyo ukiinuka kitini; mikunjo ikijinyoosha, kinunue.