Saladi ya makaroni na kuku kwa chakula cha usiku: mnaipikaje siku za kazi?

Mama Pacha (Tegeta)

Habari za jioni wapendwa. Kwenye sendofu ya binamu yangu walileta sinia la makaroni ya baridi, yamechanganywa na kuku wa kuchambua, hoho, karoti na mahindi. Wanangu pacha wa darasa la tatu walikula wakarudia, na hao ni watoto ambao kuku wa mchuzi wanamsukumia pembeni ya sahani. Tangu siku hiyo wananidai.

Hali yangu ni hii. Natoka kazini Kariakoo jioni, na foleni ya barabara ya Bagamoyo mnaijua, nafika nyumbani saa moja na kitu. Nataka watoto wawe wameshakula kabla ya saa mbili na nusu. Nina jiko la gesi la plati mbili na friji dogo, na umeme hukatika utakavyo wenyewe. Chupa kubwa ya mayonezi kila wiki siiwezi. Halafu kuna lililo gumu kuliko yote: mama mkwe yuko kwetu kwa matibabu, na kwake chakula cha baridi usiku ni kiporo tu, hata ukipambe vipi.

Nisaidieni pia na hili: kwa nini ya kwangu nikichanganya inapendeza, ila mpaka tukae kula mayonezi imepotea na makaroni yamekauka?

Fundi Sufuria

Dada, usijitese. Pitia kuku wa kuchoma njiani, nusu tu. Ukifika chemsha makaroni, yatoe yakiwa na ubishi kidogo, suuza na maji ya baridi, chambua kuku, mwaga mayonezi, kazi kwisha. Sisi mabachela hiyo ni dakika ishirini na bado unaangalia mpira.

Shangazi wa Chumbageni

Mama Pacha mwanangu, marahaba, hata kama hukuniamkia. Nimewahi kuwa na mgahawa hapa Tanga, na saladi hii wafanyakazi wa maofisini walikuwa wakiifuata mchana wa joto, wali hawautaki. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana Fundi Sufuria ana haraka na mpira wake.

Usinunue kidari kitupu, ni ghali na kinakauka upesi. Chukua nusu ya kuku wa kisasa, mkate vipande vinne, mtie kwenye sufuria na maji ya kumfunika. Weka kitunguu kilichopasuliwa kati, tangawizi ya kuponda, punje mbili tatu za kitunguu saumu na chumvi kijiko cha chakula. Yakichemka punguza moto, maji yawe yanatikisika tu. Dakika 25 hadi 30 zinatosha. Moto mkali ndio unaoifanya nyama ya kidari iwe nyuzi kavu. Pasua paja karibu na mfupa uangalie: kukiwa bado na wekundu, mrudishe.

Sasa sikiliza hapa, kwa ajili ya mama mkwe. Kabla hujafanya kitu kingine, chota vikombe viwili vya ile supu uweke pembeni, kwenye chupa ya chai kama ipo. Utampelekea ya moto, na ndimu, na kipande cha paja ndani. Supu iliyobaki iongezee maji, ichemke tena, upikie humo humo makaroni. Gesi umeokoa, na makaroni yanaingia ladha ya kuku hadi ndani. Ila supu ya kunywa itoke kwanza, maana makaroni yakishaingia wanga wake unaigeuza kuwa uji.

Kwa watu watano weka gramu 400, yaani ile pakiti ya nusu kilo ubakize kidogo. Chukua yale mafupi, siyo tambi ndefu. Tambi zikipoa zinashikana na utazitoa bonge zima. Na hapa napingana na Fundi. Makaroni ya kuliwa moto, sawa, yatoe yakiwa magumu kidogo. Ya kupoa yaache dakika moja au mbili zaidi ya pakiti inavyosema, kwa sababu wanga ukipoa hukaza. Yale uliyoyaona laini sufuriani ndiyo yatakuwa sawa sahanini. Wala usiyasuuze. Ukisuuza umeondoa ule utelezi unaoshika viungo. Yachuje, yamwage kwenye sinia pana, tia kijiko cha mafuta, yageuze geuze yapate hewa.

Swali lako la mayonezi jibu lake ni hapo kwenye sinia. Makaroni yenye joto hunywa chochote unachoyapa. Ukiyapa mayonezi, yataimaliza, na joto litaikata mpaka ubaki na mafuta yanaelea. Wewe yape kitu cha bei rahisi kwanza: yakiwa bado vuguvugu, changanya maji ya ndimu mbili, mafuta vijiko vitatu, pilipili manga, chumvi kidogo na upawa mdogo wa ile supu, uyamwagie. Yaache yanywe yashibe wakati unachambua kuku. Mayonezi ije mwisho, yakiwa hayana joto tena: vijiko vitatu vya chakula umevikoroga na mtindi vijiko sita. Chupa ndogo itakufikisha mbali.

Mboga kata kuku akiwa jikoni. Hoho, karoti ya kukwaruza, tango uliloondoa mbegu zake zote kwa kijiko, kitunguu ulichokiosha kwa chumvi kama cha kachumbari, mahindi mabichi uliyochemsha au ya kopo. Nyanya usichanganye, inatoa maji. Ipange juu mkishakaa.

Na nani kakwambia lazima iingie kwenye friji? Ile ni mazoea ya mahotelini. Ikishapoa kwenye sinia ikachanganywa, leteni mezani hivyo hivyo. Ikitoka kwenye baridi kali hata chumvi huisikii vizuri.

Mwana Kisauni

Shangazi amemaliza, mimi naongezea ya Mombasa. Mtindi uwe mzito. Sisi hutumia maziwa lala, twayachuja kwa kitambaa safi juu ya bakuli hadi maji yatoke, yabaki kama malai. Kama mwanunua ya pakiti, someni kwanza, mengine yana sukari na saladi itakuwa kama keki. Pia embe bichi: kata vijiti vyembamba, changanya. Uchachu wake wa embe ukikutana na kuku na dania, hiyo mayonezi hata hutaiulizia. Wakubwa wajiwekee pilipili mbuzi kwenye sahani zao, msiwachomee watoto.

Fundi Sufuria

Mayonezi vijiko vitatu kwa watu watano? Hiyo si saladi, ni adhabu.

Shangazi wa Chumbageni

Pika kwanza, mjukuu wangu, halafu uje.

Mama Pacha (Tegeta)

Shikamoo shangazi, samahani kwa mwanzo. Hiyo ya supu imenimaliza, maana kwa mama mkwe nilikuwa naona nitapika vyakula viwili kila siku. Kaka wa Kisauni, ahsante pia, mwembe wa jirani unamwaga mabichi hadi kwetu.

Swali dogo: yakibaki, naweza kuwafungia pacha kwenye hotpoti waende nayo shule?

Shangazi wa Chumbageni

Kwenye hotpoti hapana, mwanangu. Hotpoti kazi yake ni kutunza joto, na saladi ya vuguvugu iliyofungwa kuanzia alfajiri mpaka mapumziko ndiyo inayopeleka watoto hospitali. Watu huilaumu mayonezi, kumbe ya dukani ina siki inayoilinda. Kinachoharibika mapema ni kuku na makaroni. Nje ya friji isizidi muda wa masaa mawili, na ile Dar yenu ya Februari, joto likipita nyuzi 32, hesabu lisaa limoja tu. Ikikaa mezani wakati watu wanapiga soga, hayo nayo ni masaa yanahesabiwa.

Kama unataka ya kesho, toa sehemu yake mapema kabla hamjakaa kula, bila kuitia mayonezi, iingie kwenye friji. Usiku umeme ukikatika usifungue mlango wa friji kuchungulia. Limefungwa linatunza ubaridi kama masaa manne. Yakipita hayo, usiionje kujaribu, mwaga. Ikiamka salama, itie mtindi jioni mle nyumbani. Shuleni wape mkate na mayai.

Mwana Kisauni

Na ngozi ya kuku, shangazi? Ikiwa ndani ya saladi yateleza, mie siipendi.

Shangazi wa Chumbageni

Ivue wakati unachambua. Ikaushe maji, itie kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, funika isikurukie. Itatoa mafuta yake yenyewe na kukauka mpaka ilie menoni. Ivunje vunje juu ya saladi dakika ya mwisho. Au ile ukiwa umesimama hapo hapo jikoni, mimi sitasema.