Nyumba ya Bibi Kijichi

JUMATANO

19:02 Dada Mwajuma: Assalaam alaykum wote. Bibi amepigwa shoti tena bafuni na hita ya maji. Siyo ya kumrusha, ni ile ganzi inayopanda kiganjani akishika koki. Leo tulimalize, isiwe kama pampu. Ba'mdogo Hamisi tuongoze.

19:09 Dada Mwajuma: Naona tiki za buluu kumi na moja. Jibuni jamani.

19:20 Shebe: Kwani maji yanapata moto?

19:21 Nuru: Yanapata, tena haraka. Ndiyo maana tulidhani tatizo ni koki.

19:33 Ba'mdogo Hamisi: Wa alaykum salaam. Kupata moto siyo dalili ya uzima. Waya unaochemsha umo ndani ya kibomba cha shaba, umezungukwa na unga mweupe unaozuia umeme. Maji ya kisima yana chumvi, yanakila kibomba. Kikitoboka, unga unalowa na umeme unapita kwenye maji hadi kwenye koki. Waya wenyewe bado mzima, kwa hiyo maji yanaendelea kuchemka. Nuru, mita yangu ya njano bado ipo kwenye kabati la Babu?

19:35 Nuru: Ipo. Betri nimeweka mpya.

19:41 Ba'mdogo Hamisi: Zima breka ya hita kwenye boksi, usiamini swichi ya bafuni. Swichi ikifungwa vibaya inakata nyutro (waya wa kurudi), laivu (waya wenye umeme) inabaki pale pale. Testa ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme ujue inawaka, ndipo uiguse kwenye hita. Isipowaka, chomoa waya zote mbili za elementi, yaani kile kibomba kinachochemsha. Mita iweke 200 upande wa omu (kipimo cha ukinzani), pima ncha kwa ncha. Kisha iweke 2M, waya mmoja wa mita kwenye ncha ya elementi, wa pili kwenye bolti ya tangi. Vidole visiguse chuma, utapima mwili wako.

19:43 Shebe: Apime tu mwili, tuwapelekee akina Sudi majibu kabla ya posa 😂

19:43 Ma'mdogo Asha: 😂😂😂

19:44 Mwanaidi: Kwani posa ni lini? Mbona hatujaambiwa?

19:46 Dada Mwajuma: Mwanaidi! Tunaongelea roho ya Bibi hapa.

20:10 Nuru: Ncha kwa ncha 27. Kwenye bolti inaandika 0.09.

20:16 Ba'mdogo Hamisi: 27 ni sawa. Elementi ya wati 2000 kwa volti 230 inatakiwa isome kama 26. Ubaya upo kwenye 0.09, hiyo ni omu 90,000. Nzima inaandika 1 peke yake upande wa kushoto, maana yake mita haioni njia. Gawanya 230 kwa 90,000 unapata kama miliampi 2.6. Mkono unasikia, breka ya kawaida haisikii kitu. Hata ile breka yenye kitufe cha T, inayokata umeme ukivuja, inasubiri miliampi 30. Na kitobo hakibaki hivyo, kila siku kinaongezeka. Waya wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini, umefungwa wapi?

20:19 Nuru: Ule wa kijani na njano? Umekatwa, umeviringishwa tepu. Halafu Ba'mdogo, pale kwenye valvu ya usalama, kile kimdomo cha kudondosha maji, kuna kijiti kimekomewa na tepu nyeupe ya bomba.

20:20 Dada Mwajuma: MNAONA. Fundi wa Idrisa huyo. Nilisema tangu siku ya ukuta nikaambiwa nina maneno.

20:24 Ba'mdogo Hamisi: Kijiti toa sasa hivi. Simama pembeni. Lita 50 zikitoka digrii 25 hadi 60 zinavimba, kama lita 0.7 inazidi. Valvu isiporudisha maji nyuma lazima idondoshe. Ukiiziba, presha inabaki kwenye tangi, na siku thamostati (kidhibiti joto) ikigoma kukata, tangi linapasuka. Dawa ya ukuta kulowa ni kipande cha mpira hadi kwenye shimo la maji, wazi mwisho.

20:52 Kaka Idrisa: Nimesoma yote. Aliyelia rangi ya ukuta inababuka alikuwa nani? Siyo wewe Mwajuma? Na turubai la msiba bado nalidai.

20:53 Dada Mwajuma: Turubai limeingiaje hapa?

20:54 Ma'mdogo Asha: Si tununue ile ya shawa inayochemsha papo hapo, tupumzike?

20:58 Ba'mdogo Hamisi: Ile ya wati 5500 inavuta ampi 24. Waya wa pale ni wa milimita za mraba 2.5, unaweza kuungua.

21:07 Bibi (sauti 0:38)

21:09 Nuru: Kwa wasioweza kusikiliza: Bibi anasema atakoga maji ya sufuria. Dude lisiwashwe mpaka Hamisi aje kwa miguu yake. Na Idrisa asisemwe, yule fundi aliitwa na Bibi mwenyewe, na Bibi ndiye aliyemwambia azibe.

21:31 Dada Mwajuma: Shikamoo Bibi. Tumekusikia.

21:32 Kaka Idrisa: Shikamoo Bibi.

ALHAMISI

06:15 Ba'mdogo Hamisi: Jumamosi nitakuja. Vinatakiwa elementi ya wati 2000 yenye flenji (sahani ya bolti) ileile (Nuru pima upana, hesabu na matundu ya bolti), gasketi mpya, fimbo ya magnesiamu, valvu mpya, breka ya kitufe cha T ya miliampi 30. Fimbo msiibanie, ndiyo inayoliwa badala ya tangi. Ya mwisho niliikuta imebaki waya mtupu. Ukoko wa chumvi tutaulowesha kwa siki, mtu asikwangue kwa kisu, rangi ya ndani ikichubuka tangi linaoza. Tukishajaza, koki ya moto ifunguliwe mpaka iache kukohoa hewa, ndipo umeme uwashwe. Elementi ikiwaka kavu haimalizi dakika.

06:40 Dada Mwajuma: Elfu ishirini kila mtu kwa Nuru, mwisho Ijumaa saa sita.

09:12 Shebe: Nimetuma kumi, nyingine jioni.

13:50 Nuru: Zimefika za watu watatu. Flenji ina bolti tano. Fimbo maduka mawili hapa hawana.

14:03 Ba'mdogo Hamisi: Jaribu Kariakoo, chukua ya zamani mkononi. Na ethi? Boksi la nje lina nondo ya ethi au waya umeishia hewani?

14:04 Dada Mwajuma: Nuru?

22:18 Mjomba Rashidi: Nilikuwa safari. Hita imefanyaje?