Joto la Kericho na la Svalbard: nalinganishaje sehemu mbili zilizo mbali hivi? Naombeni ushauri

MajaniMabichi
Wadau habari zenu, naombeni mnisaidie kabla sijapeleka hii kazi kwa lekchara wiki ijayo. Nasoma jiografia mwaka wa tatu na nimeamua kulinganisha vile joto limebadilika kwa miaka mingi huku kwetu Kericho, Kenya, na kule Svalbard, vile visiwa vya Norwei karibu na Ncha ya Kaskazini. Kericho nimeichagua kwa sababu nimekulia kwenye mashamba ya chai, mamangu amechuma majani zaidi ya miaka ishirini na anasema baridi ya asubuhi siku hizi sio ile ya zamani, enzi zile ukitoka na kikapu vidole vinakufa ganzi. Sasa takwimu nilizopata ni hizi: Kericho kati ya 1979 na 2009 joto limepanda kama nyuzi 0.2 kila miaka kumi, Svalbard kati ya 1971 na 2017 limepanda nyuzi 3 hadi 5. Nikapiga asilimia, yetu ikatoka kama 3 tu, ya Svalbard ikatoka namba ya ajabu yenye alama ya kutoa. Nikiziweka pamoja inaonekana kwetu hakuna kilichotokea na mimi siamini hivyo. Nakosea wapi?

Mwl_Namba
Dada, asilimia toa kabisa. Sifuri ya sentigredi ni pale maji yanapoganda tu, sio mwanzo wa joto, ndo maana ukihamia farenhaiti unapata asilimia nyingine kabisa wakati hewa ni ileile. Linganisha nyuzi kwa nyuzi. Na miaka iwe sawa pande zote, ukichukua 1979 hadi 2009 kwa Kericho basi na Svalbard ikate hapohapo, huwezi kupima mmoja kwa miaka 30 na mwenzake kwa 46 halafu useme huyu kamzidi yule. Kingine, usitoe mwaka wa kwanza kwenye mwaka wa mwisho, ukiangukia mwaka wa El Nino kama 1998 umeharibu kila kitu. Chora mstari upite katikati ya miaka yote.

Giza_la_Novemba
Niko Norwei, nilifanya kazi ya hoteli Longyearbyen, mji wa huko Svalbard, misimu miwili. Hiyo namba ya nyuzi 3 hadi 5 usiiache kavukavu, waambie imeingilia wapi. Kubwa yake iko kwenye majira ya baridi, kiangazi kimepanda kidogo. Zamani bahari ilikuwa inafunikwa barafu na ile barafu ni kama blanketi, inazuia joto la maji lisitoke kwenda hewani, sasa barafu imepungua na joto linatoka tu hata kwenye ule usiku wa miezi ambao jua halichomozi. Kuna siku katikati ya baridi mvua inanyesha, inaganda juu ya theluji, wale rendia, kulungu wa kule kwenye theluji, wanakwaruza na kwato hawafikii majani. Hata ghala la mbegu za dunia lililofunguliwa hukohuko Svalbard 2008, mwaka 2016 maji yaliingia kwenye njia ya mlangoni, ingawa mbegu zenyewe hazikuguswa. Kwa hiyo gawa majira, wastani wa mwaka mzima unaficha mengi.

Mzee_wa_Kipimamvua
Binti yangu, nimesoma vipimo vya hewa miaka mingi, saa tatu asubuhi nafungua kile kisanduku cheupe cha mbao mvua inyeshe isinyeshe, kwa hiyo nisikilize. Kericho ina historia yake kwenye jambo hili. Mwaka 2002 ulitoka utafiti ukasema joto la nyanda za juu huku kwetu halijabadilika, ila namba zake zilikuwa za kukadiria, zimekisiwa kwa kuunganisha vituo vilivyo mbalimbali, na milima unaijua, ukishuka kilomita chache tu hewa nyingine. Mwaka 2011 wengine wakachukua vipimo vya kila siku vya Kericho yenyewe ndo ikaonekana hiyo 0.2 yako, mchana imepanda na usiku imepanda. Mama yako hakukosea.

Sasa jibu la swali lako. Longyearbyen Januari ya mwaka huu na ya mwaka ule zinaweza kupishana nyuzi kumi na zaidi. Kericho mwaka na mwaka hazifikishi hata nyuzi moja. Kwa hiyo kabla ya kusema nani kapanda sana, pima kwanza kila mahali huwa panayumba kiasi gani kwa kawaida, halafu ugawanye ongezeko kwa kuyumba huko. Hapo ndo utaona ile nusu nyuzi na kidogo ya Kericho (0.2 mara miongo mitatu) si kitu kidogo, mmea na mdudu wa pale havijawahi kuzoea hata hiyo nusu.

Nesi_wa_Bonde
Naunga mkono mzee. Kijidudu cha malaria ile kali kikiwa ndani ya mbu hakikui kwenye joto la chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi, na Kericho iko palepale kwenye mpaka. Kwenye nyuzi 20 kinachukua wiki nne hivi kukomaa na mbu wengi wanakufa kabla, ukiongeza nyuzi moja siku kadhaa zinapungua. Ila usiandike malaria yote ya Kericho ni joto, wakati uleule klorokwini, dawa ya malaria ya enzi hizo, ilikuwa imeanza kushindwa kazi.

MajaniMabichi
Asanteni sana, mzee wangu shikamoo. Nimerudi kwenye ekseli usiku huu nikafuta asilimia zote, nimekata miaka nikagawa majira. Kwa kipimo cha mzee Kericho sasa inasimama kabisa karibu na Svalbard, nilikaa nikiiangalia hiyo grafu muda mrefu. Swali moja limebaki: 1961 hadi 1990 ndio watu wengi wanatumia kama miaka ya kulinganishia lakini mimi Kericho naanzia 1979, nitumie ipi?

Mzee_wa_Kipimamvua
Tumia 1981 hadi 2000 pande zote mbili na uandike kabisa kwamba ndiyo uliyotumia. Na mama yako muulize ni miezi gani hasa vidole vilikuwa vinakufa ganzi, kisha uangalie joto la usiku la miezi hiyo peke yake.